Ini Lako Limechoka

Watu wengi wa rika langu hapa Lodwar walizaliwa mikononi mwa Sista, na wengi wa mama zetu walikunywa chupa zake. Nikiulizwa habari zake na mgeni, sijui nianze na lipi kati ya hayo mawili. Nikianza na uzazi, mgeni anadhani namsifu mtakatifu. Nikianza na chupa, anadhani namsema tapeli. Mara nyingi nakunywa chai yangu tu.

Hakuwa mtawa. Kwetu kila nesi wa kike huitwa sista, ila wodini walikuwepo masista wengi na Sista alikuwa mmoja. Alitoka mbali, huko kusini ambako sisi wa Turkana tunakuita Kenya, kana kwamba tuko nchi nyingine. Waliopangiwa kazi huku pamoja naye waliomba uhamisho kabla hata hawajafungua masanduku. Yeye alibaki. Alijifunza Kiturkana kwa nguvu, kikiwa na makosa tele, akakisema kwa sauti ya mtu anayeita ngamia waliovuka ng'ambo ya mto. Akina mama wenye uchungu wa kuzaa walicheka katikati ya maumivu kwa jinsi alivyowaamrisha wasukume.

Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake, kisha miaka mingi baadaye akanifundisha kazi, nilipoletwa wodini kwake nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa mkali. Ukitandika kitanda shuka ikabaki na mkunjo, aliivuta yote chini ukaanza upya, mgonjwa akiwa amesimama pembeni anatazama. Alikula akiwa amesimama. Chai aliinywa bila sukari, na ukimwekea kwa kusahau aliimwaga kwenye mti wa nje bila kusema neno. Na alikuwa na jambo moja alilotuambia mpaka tukalichoka: "Msimwambie mgonjwa atapona. Ninyi si Mungu. Mwambieni mnachomfanyia sasa hivi, basi."

Aliyetufundisha hivyo ndiye niliyemsikia baadaye, kwa kipaza sauti, nje ya kanisa, akiwaambia watu kwamba ndani ya chupa ile ya kahawia mlikuwa na uponyaji wa presha, sukari, viungo, macho na uzazi.

Nimefikiri sana ilikuwaje. Watu husema ni tamaa, na neno hilo ni rahisi kulitamka. Lakini aliishi nyumba ileile ya mabati karibu na mto Turkwel, akalalia kitanda kilekile, na viatu vyake vilikuwa vya raba hadi mwisho. Nadhani lilikuwa neno "hakuna." Alilichukia kuliko nzi. Nakumbuka siku mzee mmoja alipofika dirishani, ametoka mashambani kwa miguu, vumbi limempanda hadi magotini, anataka vidonge vyake vya presha. Vilikuwa vimeisha. Sista alimwambia hakuna, aende akanunue dukani. Mzee alimtazama, akauliza kwa upole, "Duka gani?" Kisha akageuka akarudi alikotoka. Sista aliingia stoo akafunga mlango. Alipotoka alitugombeza sote kwa kosa ambalo hakuna aliyelielewa.

Baada ya kustaafu, nilipomuuliza mara ya kwanza kuhusu chupa, hilo ndilo alilonijibu. "Binti yangu, nimesema 'hakuna' maisha yangu yote. Sasa mtu akija kwangu, kuna kitu cha kumpa."

"Lakini kitu chenyewe ni nini, Sista?"

"Ni mimea."

"Mimea gani?"

Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mwanafunzi niliyeuliza swali zuri kwa wakati mbaya. "Soma karatasi," alisema. Karatasi ya chupa ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji na familia ya watu weupe wanaocheka.

Kampuni iliyomletea vitu hivyo ilikuwa ya mjini Nairobi. Vijana wake walikuja Lodwar wakiwa wamevaa suti, katika joto letu lile, wakakodi ukumbi wa hoteli na kumtunuku cheti mbele ya watu. Kijana mwenye kipaza sauti alimkaribisha jukwaani: "Makofi kwa Daktari!" Sista alipanda, akachukua kipaza sauti, akasema, "Mimi si daktari. Mimi ni nesi. Daktari amesoma zaidi yangu." Kijana alicheka, akadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Hakuweza kuvumilia mtu apewe cheo kisicho chake. Kisha papo hapo, bila kupepesa, akawaeleza watu jinsi chupa inavyosafisha mishipa kama brashi.

Walimpa pia mashine. Ilikuwa ni kompyuta ndogo iliyounganishwa na kijiti cha chuma. Unashika kijiti mkononi, kwenye kioo inatokea picha ya mtu, rangi zinapanda na kushuka, halafu mashine inakuambia kila kinachokusumbua mwilini, bila sindano. Watu walipanga foleni uani kwake tangu asubuhi. Na karibu kila mtu mashine ilimwambia jambo moja, na Sista alilisoma kwa sauti ya huruma: "Ini lako limechoka."

Neno lile lilienea mji mzima. Waendesha boda boda walitaniana nalo stendi. Mtu akichelewa kazini alisema ini limechoka. Mama yangu alisema hivyo akiwa hataki kuamka. Lakini ukiangalia nyuso za watu wakitoka uani kwa Sista, uliona kwamba neno lenyewe liliwagusa. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kitu ndani yao kimechoka, na kwamba wana haki ya kuchoka. Sisi kliniki tulikuwa tukiwaambia wapunguze chumvi.

Mzee mmoja wa Lopur, huko upande wa Kakuma, alimpima Sista badala ya kupimwa. Sista alikwenda huko na mashine yake siku ya mnada wa mbuzi. Mzee alipopewa kijiti alikizungushia shuka lake, akakiegemeza kwenye kigoda chake cha mti, akaondoa mkono. Mashine iliendelea kupiga rangi zake. Ikasema kigoda kina ini lililochoka na kibofu chenye matatizo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee alisema, "Kigoda changu kimezeeka, hiyo ni kweli kabisa." Sista naye alicheka, machozi yakamtoka. Halafu, na hii nimeambiwa na watu waliokuwepo, wakanunua chupa zote alizokuwa nazo. Mzee mwenyewe alichukua moja.

Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini, alinishangaa. "Ile mashine ni mchezo. Lakini Sista si mchezo. Sista alimtoa mtoto wangu akiwa amekaa vibaya tumboni."

Usidhani alikuwa akimwuzia kila mtu. Mtoto mwenye homa hakumpa hata tone. Mama aliyeleta mtoto anayetetemeka alifukuzwa kwa kelele, "Hii ni malaria! Unasimama hapa kufanya nini? Hospitali!" na Sista mwenyewe akakimbia barabarani kusimamisha boda boda. Mjamzito hakumpa chupa. Safari moja alikwenda Longech, kule kwa wavuvi ziwani, na mfuko mzima wa chupa. Akamkuta mwanamke aliyeshindwa kujifungua, wenzake wamemzunguka wakilia. Aliweka mfuko chini mchangani, akavua saa, akaomba sabuni. Mtoto alipotoka alikuwa kimya, na Sista akampulizia pumzi, akamsugua mgongo mpaka akalia. Kisha akampakia mama kwenye pikipiki, yeye nyuma amemshika, hadi zahanati ya Kalokol. Mfuko aliusahau. Hakurudi kuuchukua wiki ile, na nilipomkumbusha alisema tu, "Ah, hizo."

Ni ugonjwa usiolia ndio uliompoteza. Presha, sukari, vile vitu vinavyokaa na mtu miaka bila kumwuma, ambavyo dawa yake haimalizi, inashikilia tu. Hapo ndipo chupa ilipoingia. Watu walichoka na vidonge. "Hii dawa ya hospitali nakunywa mpaka lini?" waliniuliza. "Mpaka nikufe?" Nami jibu langu lilikuwa ndiyo, mpaka ufe, ila utachelewa kufa. Nilikuwa na foleni imefika getini. Sista alikuwa na kiti, maji ya baridi, na asubuhi nzima.

Mama yangu alikuwa msusi wa vikapu. Alisuka majani ya mikoma, mkono wake ukienda wenyewe huku macho yake yako barabarani akiwasalimia wapita njia, "Ejok!" kwa kila mmoja. Alikuwa na presha, na alimeza vidonge nilivyomletea kwa sababu nilimsimamia. Yeye na Sista walikuwa marafiki tangu siku niliyozaliwa. Nilikuwa nimemwambia Sista waziwazi: mama yangu usimguse. Aliitikia kwa kichwa.

Sijui walizungumza nini siku zile nilipokuwa semina. Ninachojua ni kwamba niliporudi niliitwa wodini kabla sijavaa hata sare, na aliyelala kwenye kitanda cha mlangoni alikuwa mama. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Nyumbani, vidonge vyake vilikuwa kwenye kopo vile nilivyoviacha, na kando ya kopo palikuwa na chupa mbili za kahawia, moja tupu.

Asubuhi iliyofuata Sista aliingia wodini. Hakuomba ruhusa kwa mtu, na manesi wadogo wakampisha kama zamani. Alisimama kando ya kitanda, akatazama shuka.

"Mmeitandika vibaya," alisema. "Atapata vidonda."

"Sista, toka," nilimwambia.

Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. "Lete maji ya vuguvugu."

"Ulimwambia aache vidonge."

"Sikumwambia aache. Nilimwambia apumzishe mwili kidogo."

"Ni kitu kimoja! Wewe unajua ni kitu kimoja, wewe ndiye uliyenifundisha!"

Mgonjwa aliyekuwa akikohoa kitanda cha pili alizuia kikohozi. Sista alipitisha mkono chini ya bega la mama, polepole, mkono mwingine kiunoni. Hakuinua uso.

"Mgeuze upande huu," alisema. "Nisaidie. Peke yangu nitamwumiza."

Nilimsaidia. Ningefanya nini? Mama alikuwa mzito na alikuwa akimtazama Sista, akijaribu kutabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Alikuja kila siku. Alimwosha, akamkata kucha, akamnyoosha vidole vya mkono uliolala, kimoja kimoja, akihesabu kwa Kiturkana chake kibaya mpaka mama akatoa sauti ambayo tulijua ni kicheko. Mama hakupata kidonda hata kimoja mgongoni, na wenzangu wote walisema hawajaona mgonjwa wa kupooza aliyetunzwa vile. Alipotolewa hospitalini Sista alimfuata nyumbani. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimsomea Biblia. Sikuwahi kumsikia akisema samahani, wala mama hakumdai, ingawa maneno machache yalimrudia baadaye, moja likiwa jina la Sista. Jina langu lilichukua muda zaidi.

Mchana, Sista alikuwa kwetu. Jioni alirudi uani kwake, na foleni ilikuwa ikimngoja.

Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Hasira ningeiweza. Niliwaza kwamba baada ya kumwona mama vile, angevunja chupa zote kwenye mawe ya Turkwel. Hakuvunja. Niliandikia ofisi ya afya, wakaja maafisa wawili wenye heshima, wakakaa uani kwake wakanywa maji yake baridi. Mmoja alikuwa amezaliwa mikononi mwake. Wakamwonya. Akafunga kwa muda, akafungua tena. Redioni tangazo la kampuni lilikuwa likisema hospitali zimeshindwa, na sisi wa hospitali tulilisikia tukiwa kazini, redio ikiwa juu ya friji ya chanjo, na hakuna aliyeinuka kuizima.

Mama aliishi na mkono ule kwa miaka kadhaa kisha akafa usingizini. Kapu lake la mwisho lilibaki bila mdomo. Katika mazishi Sista alisimama nyuma, na dada zangu wakamtolea kiti. Baada ya hapo alihama. Nilisikia yuko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kwamba huko kuna watu wengi, wa kila nchi, na wengi wao wamechoka.

Mwaka jana nilitumwa Kakuma kusaidia kliniki ya presha na sukari katika zahanati moja. Chumba kilikuwa kidogo, tukatoa meza nje barazani. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu mbele yangu, karibu kiasi kwamba kila aliyepimwa alisikiwa na wote. Niliita anayefuata, na aliyeinuka alipapasa ukingo wa meza kabla ya kukaa.

Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa imelegea ndani ya kola. Aliniambia "Ejok" kabla mimi sijamsalimu.

"Shikamoo, Sista," nilisema.

"Marahaba. Nilisikia ni wewe. Nimekuja kwa sababu ni wewe."

Nilimfunga mkanda mkononi, nikapima. Nikapima tena mkono wa pili. Nilipotaka kumwambia, aliinua kidole.

"Usinisomee. Nimeisikia presha mkononi mkanda ulipolegea." Akagusa kope. "Jicho la kushoto limefunga. Hili la kulia naona kama kuna vumbi, hata siku isiyo na vumbi."

"Umekuwa ukinywa nini?"

"Vile vyangu."

"Pekee?"

"Kila asubuhi, kijiko kikubwa. Miaka yote hii." Alinigeuzia lile jicho lililokuwa likiona. "Kwani wewe ulifikiri nilikuwa nawapa watu kitu ambacho mimi sinywi?"

Ndiyo, nilikuwa nimefikiri hivyo. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu. Kwa miaka yote nilimwona akilini akijifungia chumbani na vidonge vya kweli, akiwaachia wengine maji ya rangi. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu na macho yanayozimika, mkweli kama alivyokuwa siku zote, na sikujua niiweke wapi chuki yangu.

Nilimweleza kwamba lazima apelekwe Lodwar kwa daktari wa macho, na kwamba vidonge aanze leo. Alikubali kama mwanafunzi. Aliomba maji. Alimeza kidonge cha kwanza pale pale mezani, na maji kidogo yakamwagikia kidevuni. Nilimfuta kwa kitambaa changu. Aliniacha nimfute.

Benchi zima lilikuwa likitazama. Wengi wao walikuwa wateja wake. Mama mmoja Mkongomani aliyekaa mbele, mwenye mtoto mgongoni, hakuweza kuvumilia.

"Sista," alisema, "wewe nawe unameza dawa ya hospitali?"

"Nameza."

"Na ile ya kwako? Mimi niko na chupa yenye nilianza juzi. Nimalize ile kwanza, ndiyo nianze hii?"

Nilimwona Sista akitafuta neno. Miaka mingi nilikuwa nimelingoja, nikiwaza angeniambia tukiwa peke yetu, na ningejua la kumjibu. Mkono wake uliupapasa ukingo wa meza mpaka ukafika kona, ukashika hapo.

"Mwaga," alisema.

"Ati?"

"Imwage. Usimalize. Haina kitu."

Yule mama alimtazama, kisha akawatazama wenzake benchini, kisha akaangua kicheko kikubwa, akipiga paja, na mtoto mgongoni akashtuka. "Ah, Sista! Sista anatufanyia mchezo!" Wengine nao wakacheka, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo, kama watu wanaomcheka bibi yao.

"Sichezi," alisema Sista. Lakini sauti yake, ile ya kuita ngamia, ilikuwa imebaki ndogo, na kicheko kiliifunika.

"Amesema kweli," niliwaambia mimi. Kwa adabu wakaacha kucheka, wakaitikia kwa vichwa kama wanavyowaitikia watu wote wa hospitali.

Nilimshika Sista kiwiko nikamsindikiza hadi kwenye kivuli cha ukuta angoje gari la Lodwar. Nikarudi mezani, nikamwita anayefuata.